Mpige Katekista Kwanza

Kakuma hawaulizi kamera ya simu ina megapikseli ngapi. Wanauliza, "Umeshampiga Katekista?" Mgeni akisikia hivyo anaweza kukimbilia polisi, lakini wanamaanisha picha.

Mimi nauza simu. Duka langu liko Lodwar, na kwa miaka mingi nilikuwa napanda gari na mkoba wangu kwenda kuuza Kakuma, mjini na kwenye kambi ya wakimbizi. Mteja anachukua simu, anaigeuzageuza, anajipiga selfi, meno yote nje. Naona kabisa moyo umelainika. Nimeshatoa boksi na chaja. Halafu ghafla anasema, "Mama Simu, ngoja nikampige Katekista kwanza." Huyo, anaondoka na simu yangu juani, mimi nabaki nimeshika boksi tupu. Haki ya Mungu, hakuna maneno yaliyowahi kunichoma roho kama hayo.

Niseme mapema tusipotezeane muda: yule mzee Katekista nilimwonea wivu. Sikumchukia, maana ni vigumu kumchukia mtu anayekuuliza habari ya mbuzi wako kabla ya kukuuliza habari yako. Lakini wivu nilikuwa nao, na bado ninao. Biashara ilikuwa sehemu ndogo tu. Sehemu kubwa ni picha ya mama yangu. Mama hayupo tena, na mimi nina picha zake nyingi kuliko ninavyoweza kuzipitia, nilizopiga mwenyewe kwa simu za bei. Katika hizo zote hamna hata moja inayofanana naye. Inayofanana naye iko moja, na aliyeipiga ni Katekista, kwa simu ambayo mimi dukani kwangu nisingeipokea hata kwa kubadilishana na kava.

Katekista alikuwa mkimbizi kutoka Sudan Kusini, na kazi yake ilikuwa kufundisha watu mambo ya ubatizo katika kanisa moja la mabati kambini. Hakuwa fundi simu wala mpiga picha. Alikuwa mrefu mpaka mlango wa kanisa lake mwenyewe aliingia ameinama. Alikuwa mweusi ule weusi unaong'aa, na kila siku alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ya makaa hadi mikunjo yake ikasimama. Kwenye paji la uso alikuwa na mistari ya kwao, ile wanayochanjwa vijana wakitoka utotoni, kutoka upande huu wa kichwa hadi upande ule.

Sasa mchukue mtu huyo, msimamishe kwenye jua la mchana la Kakuma, halafu ipe simu kazi. Simu nyingi zinatapatapa. Ikifuata uso, kanzu inaungua, inakuwa mwanga mtupu, huoni kola wala kifungo. Ikifuata kanzu, uso unazama, yanabaki macho na meno. Na zile simu zenye urembo, zinazomlainisha mtu ngozi bila kuombwa, zinadhani mistari ya paji ni makunyanzi, basi zinaifuta yote. Mzee mzima anatoka na paji laini kama yai.

Hakuna aliyekaa chini kuamua kwamba Katekista awe kipimo. Ilianza siku za ubatizo. Watu walipiga naye picha ukutani, kando ya mlango uliopakwa rangi ya bluu, kila mmoja kwa simu yake, halafu wakakaa kwenye benchi kulinganisha. Mtu ni yuleyule, ukuta ni uleule, jua ni lilelile, lakini picha hazifanani hata kidogo. Wenye simu mbovu wakaanza kuficha simu zao. Tangu hapo anayenunua simu alimpitia kwanza Katekista, hata Mwislamu kutoka upande wa Wasomali, hata Mkongo ambaye kanisa lake lilikuwa lingine kabisa.

Naye alikuwa na masharti. Ukifika umeinua simu tu, anageuka, anakupa mgongo.

"Salimia kwanza," anasema. "Mimi si ukuta."

Basi unasalimia. Anakuuliza umelalaje, watu wa nyumbani wanaendeleaje, mvua imefika kwenu au bado. Halafu anakwenda mwenyewe hadi kando ya mlango wa bluu, ananyoosha kanzu, anaweka mikono nyuma, anaangalia mbele. Ukishampiga anataka kuona. Anafunika kioo kwa kiganja kuzuia jua, anasogeza uso karibu, na hapo ndipo hukumu inapotolewa, kwa Kiswahili chake cha Kakuma chenye Kiarabu cha Juba ndani.

Maneno yake yalikuwa matatu tu. "Imeongeza" maana yake simu imempa rangi isiyo yake, imemfanya mweupe au mwekundu, au imempa ujana. "Imepunguza" maana yake kuna kitu imekula: mkunjo wa kanzu, mstari wa paji, mvi za kidevuni. Na lile la tatu, ambalo watu walitembea kutoka Kalobeyei kwa miguu kulitafuta, lilikuwa "Imeacha." Yaani imemwacha alivyo. Haikumgusa.

Simu yenye urembo ndiyo ilimkasirisha zaidi. Alijipapasa paji kama mtu aliyeibiwa. "Wapi mistari yangu? Ya binti," akaniita kwa Kiarabu chake, "hii simu yako imenirudisha kwa watoto. Kwetu mimi hapa siwezi hata kuoa."

Watu wanacheka, na simu yangu inarudi kwenye mkoba.

Siku moja alikuja kijana wa bodaboda kutoka Kalobeyei na simu aliyouziwa na mtu mwingine, si mimi. Akampiga. Katekista akaitazama ile picha muda mrefu, akamrudishia, akasema kwa upole, "Hii imeacha." Kijana wa watu hakujua maana. Yeye alisikia kwamba simu imeacha kitu, imeshindwa, imemruka mzee. Akaondoka ameinamisha kichwa, na jioni hiyohiyo akaibadilisha kwa mfanyabiashara wa mbuzi aliyekuwa akielekea Lokichar, akapewa simu ya kung'aa yenye urembo mpaka kwenye kucha. Alipoelezwa maana ya alichosikia, alizunguka siku nyingi akiuliza kila gari la mbuzi. Simu ikawa imekwenda.

Nilifurahi jamani, nisidanganye. Nilijua sasa watu watasema mzee Kiswahili chake kinatia watu hasara. Nikaenda mwenyewe kumwambia.

"Katekista, ungesema 'imemwacha alivyo', yule kijana angeelewa."

"Kiswahili yangu iko sawa," akasema. "Simu iliacha. Yeye pia aliacha. Sasa nani amekosa?"

Kumbe hata kosa lake lilimjenga. Kisa kikasambaa, na neno likasambaa nacho. Nikarudi Lodwar, nikafungua duka, mama mmoja mwuza samaki akaingia, akashika simu, akaniuliza, "Na hii inaacha?" Lodwar! Kwenye duka langu! Nilimeza mate, nikasema inaacha vizuri sana, mama, karibu.

Msifikiri alikuwa mtakatifu. Alihubiri kila Jumapili kwamba kujipamba ni kujisumbua, na kanzu yake ilikuwa safi kuliko ya padri aliyekuja mara moja moja. Aliwaambia vijana simu zinawala akili, na yeye mwenyewe alijua simu ipi imetoka, ipi inafuata, na ipi rangi ya bluu inaigeuza zambarau. Alisema hapendi kupigwa picha. Hapendi! Mtu aliyepigwa picha kuliko bwana harusi yeyote wa kaunti hii! Na kwa mambo mengine ya simu hakujua lolote. Aliwahi kuisifu simu moja mbele ya watu, imeacha, imeacha, ikanunuliwa kwa shangwe, na chaji yake haikufika saa nane mchana. Nilimkumbusha mara nyingi. Alinijibu kwamba yeye aliulizwa uso, hakuulizwa betri.

Kwa watu alikuwa mvumilivu ajabu. Mtoto angeweza kumkanyaga kanzu na matope akamwambia malesh, basi, pole. Lakini simu aliigombeza. Aliishika ile simu yake ya zamani, kioo kimepasuka pembeni, mgongo umefungwa kwa mpira wa kufungia pesa, kamera moja tu ndogo kama jicho la kuku, akaiambia, "Amka wewe. Mvivu." Ikachelewa kuwaka, akaitikisa kama dawa ya kikohozi. Halafu inapiga picha, na ile picha, Mungu wangu, imeacha.

Nilijaribu kujua siri. Nilidhani ni lenzi. Nikadhani labda simu za zamani zilitengenezwa vizuri, kabla watengenezaji hawajaanza kudhani sura zetu zinahitaji msaada. Ipo kweli ndani yake. Lakini nilitafuta simu kama ile, nikaipata, nikampiga nayo mtu aliyepigwa na Katekista, ukuta uleule. Ikapunguza. Roho iliniuma siku nzima.

Mara moja nilimuuliza anataka nini hasa kwenye picha. Tulikuwa tumekaa kwenye kivuli cha kanisa, anakunywa chai yenye sukari mpaka kijiko kinasimama.

"Mimi sina picha ya mama yangu," akasema. "Tulitoka mbio. Sasa nikikumbuka uso, sijui kama nakumbuka yeye au nakumbuka dada yake. Walifanana. Kama kungekuwa na picha moja, hata mbaya, ningejua."

Nitasema tu ukweli, nilimwonea wivu hata hapo. Yeye alikuwa na sababu. Mimi nilipopiga picha nilikuwa nataka zipendwe, basi.

Mama yangu alikuwa wa Kaaleng, kule juu kaskazini, mama wa mifugo na shanga. Shanga alizivaa tangu mabegani hadi kidevuni, na hakuzivua mbele ya mtu. Alikuja kuishi nami Lodwar magoti yalipoanza kumsumbua. Kila simu mpya iliyoingia dukani nilimjaribia yeye. Nikimwonyesha anasukuma kioo mbali.

"Huyu ni nani?" anauliza kwa Kiturkana.

"Ni wewe, Mama."

"Mimi? Huyu amelishwa nini mpaka akawa mweupe hivi? Na shanga zangu nyekundu amempa nani?"

Maana simu ziligeuza nyekundu ya shanga zake ikawa rangi ya chungwa bovu. Na hakucheka kwenye picha zangu hata siku moja. Meno ya chini yalitolewa zamani, kama ilivyokuwa desturi kwa wasichana wa wakati wake, na hakuona aibu nayo hata kidogo. Alicheka na majirani mpaka machozi yakamtoka. Lakini nikiinua simu tu, mdomo unafungwa, uso unakuwa wa mtu anayesubiri kudungwa sindano. Nilimbembeleza. Nilimkasirikia. "Mama, cheka kidogo!" Anazidi kununa. Nilisema ni mambo ya wazee, hawapendi kamera.

Halafu ikafika simu moja, ya bei ya juu kuliko zote nilizowahi kuleta, kamera zimejipanga mgongoni kama vifungo. Hiyo nilijichukulia mwenyewe. Nikasema leo yule mzee atanijua. Siku ya kwenda Kakuma nikamchukua na Mama, alikuwa anataka kumwona shangazi yangu anayeishi huko. Nilipanga kumpitisha kanisani kwanza, nimpige pale pale kwenye ukuta wa bluu, mbele ya Katekista, aone, akose neno.

Tulishuka garini, upepo wa vumbi umetulia. Katekista akatoka kanisani ameinama.

"Ejok, mama," akamsalimia.

"Ejok noi," Mama akajibu, na akaanza kumcheka kwa urefu wake. Katekista Kiturkana alikuwa amekiokota kidogokidogo sokoni, chenye lafudhi ya ajabu, na Mama alikipenda papo hapo. Mzee akamletea kiti cha plastiki cha kanisa, akakiweka kando ya mlango. Wakaanza kuzungumza habari za ng'ombe. Sijui watu wa ng'ombe wanajuanaje.

Mimi nikaanza kazi. Nilimpiga Mama akitazama huku, akitazama kule, nimesimama, nimechuchumaa. Kila nikitazama picha, imeongeza. Nikaingia kwenye mipangilio, nikazima urembo. Ukajiwasha. Nikauzima tena. Nikashusha mwanga, shanga zikazama. Nikapandisha, ukuta ukaungua. Jasho linanitoka, nimekunja uso, nainamia ile simu naifokea. "Kaa wima, Mama! Usitikisike! Ngoja, ngoja!" Sikuwa hata nimeinua kichwa.

Hapo katikati nilisikia mlio mdogo wa simu ya zamani. Katekista alikuwa amesimama kule upande, ile takataka yake mkononi. Alikuwa amepiga moja, basi. Akaifunika kwa kiganja, akamwinamia Mama akamwonyesha. Wakaongea kwa sauti ya chini, Mama akisonta kioo kwa kidole, mzee akikitomasa kama alivyoelekezwa. Mama akaitazama. Kisha akasema neno ambalo mimi sikuwahi kulisikia kutoka kinywani mwake kwa picha yoyote.

"Huyu ni mimi."

Nikaomba nione. Ulikuwa uso wake, kuanzia shanga kupanda juu, umejaa kioo chote. Shanga nyekundu ni nyekundu. Ngozi ni ile ngozi yake, imekauka kwenye mashavu, inang'aa kwenye paji. Na anacheka, mdomo wazi, pengo la chini linaonekana, macho yameenda pembeni, yamejaa kitu ambacho sijui nikiite nini. Macho ya mtu anayependa anachokiona. Nilijua palepale, bila kuambiwa, kwamba hiyo ndiyo picha. Nilisema, "Ni nzuri," nikarudisha simu yangu mkobani. Garini tukirudi Lodwar, Mama alinisifia yule mrefu njia nzima.

Nilikasirika kwa sababu moja tu. Alimchekea yeye. Mgeni, mtu aliyemjua kwa muda wa kunywa chai, alipewa uso ambao mimi mtoto wake nilikuwa nauomba kwa magoti. Katekista alinitumia ile picha, Mama akanilazimisha niiweke kwenye grupu la familia, watu wakaijaza sifa na mikono ya kushukuru, na binamu yangu wa Kaaleng akaandika, "Shukrani Mama Simu, hapa umeweza." Sikumjibu.

Baada ya hapo nilipunguza kwenda kanisani. Nikienda Kakuma nilikaa mjini, nikauza nilichouza, nikarudi. Wateja waliendelea kwenda kumpiga, nikawaacha. Miaka ikapita hivyo.

Mama alipofariki nilimzika Kaaleng, kama alivyotaka. Baadaye familia ikakubaliana kufanya ibada ya kumbukumbu Lodwar, na picha yake kubwa iwekwe mbele, ya kutosha watu wa mwisho kumwona. Hakuna aliyeuliza picha ipi. Mjomba alisema tu, "Ile." Nikajaribu kuonyesha zangu. Nikafungua simu, nikapitisha moja, mbili. Mjomba akanitazama kwa huruma, na huruma hiyo ilikuwa mbaya kuliko tusi.

Nikaipeleka ile ya grupu kwa kijana wa kuchapa mabango. Akaikuza kwenye kompyuta, uso wa Mama ukavunjika vunjika kama mchanga wa laga, ule mto mkavu.

"Mama Simu, wewe mwenyewe unajua," akasema. "Picha ikishapita kwenye grupu imebanwa, imekonda. Na hii imekatwa pia. Leta orijino, ama tutumie ingine."

Nilijua. Nimewaambia wateja maneno hayo maisha yangu yote. Lakini sikutaka orijino, kwa sababu orijino ilikuwa kwa nani? Nilikaa nayo siku kadhaa hiyo hasira. Kisha nikaona kwamba nisipokwenda, Mama atakaa mbele ya watu wake akiwa yule mwanamke mweupe anayesubiri sindano. Nikapanda gari.

Katekista nilimkuta amekaa nje ya nyumba yake, nyuma ya kanisa. Alikuwa amezeeka. Ubatizo sasa ulifundishwa na mtu mwingine, na kanzu ilimpwaya mabegani, lakini ilikuwa imepigwa pasi. Nikasalimia kwanza. Akaniuliza habari ya mbuzi. Akaniuliza mvua.

"Nimesikia mama," akasema. "Malesh, ya binti. Malesh sana."

Nikamwambia kilichonileta. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba kwa maneno mengi, lakini aliinuka kabla sijamaliza. Akarudi na kifurushi cha kitambaa cheupe, akakifungua taratibu, na ndani ilikuwa ile simu, mgongo umefura kwa betri, mpira umebadilishwa. Alikuwa haitumii tena. Aliiweka kwa ajili ya picha zilizomo.

"Amka wewe," akaiambia. Tukaichomeka kwenye chaji ya sola ya jirani, tukanywa chai, tukangoja. Nilikuwa naiogopa ile simu. Nilijua betri ya namna ile ikikataa imekataa. Ikatetemeka, ikawaka.

Akatafuta kwa kidole polepole. Watoto wa ubatizo, maharusi, mbuzi wa mtu. Kisha akasimama, akafunika kioo kwa kiganja, akanisogezea.

Haikuwa uso peke yake. Ilikuwa picha pana. Huku ni Mama kwenye kiti cha plastiki, ameegemea ukuta wa bluu, mikono mapajani, anacheka na lile pengo. Na kule pembeni kabisa ni mimi. Nimeinamia simu yangu mpya, nimekunja uso kama mtu anayetafuta mwiba, mdomo uko wazi katikati ya kufoka. Macho ya Mama yale, yaliyoenda pembeni, hayakwenda kwa Katekista. Hayakuwa hata karibu naye. Yalikuwa yananitazama mimi.

Nikakuza, nikarudisha, nikakuza tena. Shanga nyekundu. Macho. Mimi.

"Mbona ulinikata?" nikauliza.

"Si mimi. Mama yako. Alisema, 'Mkate huyu, akijiona amenuna hivi ataleta kesi mpaka Lodwar.' Alicheka sana."

Ni kweli, ningeleta kesi. Nikacheka nikilia, na mzee akaangalia upande mwingine ili nimalize.

"Alikuwa ananiangalia hivyo muda gani?" nikamuuliza.

"Tangu mmeshuka gari," akasema. "Wewe ulikuwa na simu."

Hakulisema kwa ubaya. Alijibu swali tu, kama anavyojibu. Nami nikamtazama yule mzee, na ule wivu wangu wa miaka yote ukaja wote kwa pamoja, safari hii bila simu ndani yake, bila wateja. Yeye alimwona. Alisimama pale juani akamwona mama yangu akinitazama hivyo, mzima mzima, kwa macho yake, na mimi niliyekuwa natazamwa sikuona kitu. Hilo halikuzwi wala halichapwi.

Nikatoa simu yangu niipokee ile picha. Akauliza kama akate, abakize uso wa mama peke yake kwa ajili ya ibada, kama mwanzo.

"Tuma nzima, Katekista," nikamwambia. "Na huyo aliyenuna, mwache."